Matawi matano, moduli kumi na mbili: uanze na zipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenye migahawa mitano, minne Dar (Tabata, Sinza, Mbagala na Kariakoo) na mmoja Morogoro ambao ndo kwanza umefunguliwa. Kwa kifupi anasema hivi: "Kaka habari za kazi. Tunauza supu asubuhi, mchana pilau na biriani, jioni chipsi kuku na mishkaki. Jiko kuu liko Tabata, ndo linakata kuku, linatia viungo na kugawa kwa matawi ya Dar. Watu wanajaa ila mwisho wa mwezi hela siioni. Amekuja muuzaji wa sistimu ya kuendesha migahawa, ina moduli kumi na mbili, yani vipande vya programu kama mauzo na stoo, anasema nikichukua zote kwa pamoja ananipunguzia bei. Mdogo wangu anasoma IT, anasema nisinunue kitu, atanitengenezea. Nifanyeje?"

Salama dada, na hongera kwa Morogoro.

Jibu fupi: usichukue zote kumi na mbili, hata kwa hilo punguzo. Chukua mbili, mauzo na stoo, na hiyo stoo iwe na resipi ndani yake (yani sahani moja inakula kiasi gani cha kila kitu), uiweke kwenye tawi moja kwanza, ukishaona namba zinasema ukweli ndo uongeze nyingine. La mdogo wako ntalijibu mwishoni maana lina mambo yake.

Sasa jibu refu. Wauzaji wengi wakisema moduli wanamaanisha kitufe kingine kwenye menyu ya programu, we unaona mauzo, stoo, manunuzi, jiko, delivari, wateja, mahudhurio, mishahara, uhasibu, unaona umepata mali. Ila kitu cha kuangalia ni hizo moduli zinasimama juu ya nini. Sistimu iliyojengwa vizuri chini kabisa ina orodha moja tu ya bidhaa, orodha moja ya matawi na orodha moja ya watu na ruhusa zao, afu kila moduli inasoma hapohapo. Kuku robo ni kuku robo kila sehemu, keshia akiuza Mbagala stoo inajua, jiko kuu linajua, mhasibu anajua. Ile mbovu kila moduli ina orodha yake, kwenye mauzo imeandikwa "kuku robo", kwenye stoo "broiler pc", kwenye uhasibu ni akaunti ya "nyama na kuku", na kuna kijana analipwa kila usiku kutoa Excel huku na kuipakia kule. Hiyo haijawa sistimu, ni programu tatu zimepakwa rangi moja, na siku huyo kijana akiumwa ripoti zako zote zinaumwa.

Na usidhani ni tatizo la sisi wadogo. Yum! Brands, wenye KFC na Pizza Hut na Taco Bell, walikuwa wananunua vipande kwa nyakati tofauti, mwaka 2021 peke yake walinunua kampuni tatu, Kvantum ya kuchambua matangazo, Tictuk ya kupokea oda kwenye meseji, na Dragontail ya kupanga jiko na waendesha delivari. Mpaka Februari 2025 ndo wakatangaza kwamba programu zao wameziweka chini ya jina moja, Byte by Yum!, na wenyewe walisema kama migahawa 25,000 ilikuwa inatumia angalau kipande kimoja, wakati kampuni ina migahawa zaidi ya 60,000 duniani. Yani hata wao wenye hela zote zile hawakufunga kila kitu kila mahali kwa siku moja, tawi linachukua kipande linachokihitaji kwanza.

Haya, hela yako inaenda wapi. Tuchukue kuku maana kwako ndo mzigo mkubwa, na namba hizi ni za mfano tu. Tawi la Sinza asubuhi limepokea kuku 60 kutoka Tabata, kila kuku anatoa robo nne, kwa hiyo kuna robo 240 za kuuza. Usiku sistimu inasema zimeuzwa robo 221, kwenye friji wamebaki kuku wawili, yani robo 8, jumla 229, robo 11 hazipo. Kama robo unauza 5,000 basi hiyo ni 55,000 ya siku moja, siku 26 za kazi inafika 1,430,000, na hilo ni tawi moja na bidhaa moja. Kwenye daftari lako hutaiona kamwe kwa sababu daftari linaandika kilichouzwa, halijui kilichotakiwa kuuzwa. Hiyo tofauti kati ya kilichotakiwa kutumika na kilichotumika kweli ndo sababu pekee ya mtu wa matawi matano kununua sistimu. Mengine yote ni ya kukurahisishia maisha, hii ndo ya kukurudishia hela.

Na haitokei bila resipi. Hapa ndo watu wanapochoka, manake ni kazi ya mizani na daftari, hamna programu itakayokufanyia. Siku moja tulivu ingia jikoni na mpishi mkuu, pimeni gunia la viazi kabla ya kumenya, pimeni baada ya kumenya na kukata, kaangeni, afu pimeni sahani moja inayotoka kwa mteja. Utashangaa viazi vinavyoishia kwenye maganda, hasa vile vidogo vidogo vyenye macho mengi ambavyo mtu wa manunuzi anakwambia kavipata kwa bei nzuri. Mchele wa pilau hivyohivyo, sufuria moja ya kilo kadhaa inatoa sahani ngapi kwa upawa huohuo mmoja, na kama kila tawi lina upawa wake basi kabla ya softwea nunua pawa tano zinazofanana, hiyo ni bei ya soda chache.

Usiingize kila kitu lakini. Nimeona watu wanaandika resipi mpaka chumvi na karafuu, mwezi wa pili wamechoka wameacha yote. Anza na vile vinavyobeba hela: kuku, nyama, mchele, viazi, mayai, soda, maji, boksi za tekiawei. Boksi watu wanazidharau ila ni shahidi mzuri sana, kama boksi 80 zimeondoka na sistimu inaonyesha tekiawei 63, kuna watu 17 wamekula nje ya kitabu. Mafuta ya kukaangia usiyagawe kwa sahani, hutapata jibu la maana kwa sababu yanategemea moto, unyevu wa viazi na mpishi anabadilisha lini, we hesabu madumu kwa wiki na ulinganishe tawi na tawi. Mbagala ikitumia madumu mara mbili ya Sinza kwa chipsi zilezile, nenda Mbagala.

Kwa kuwa una jiko kuu, muulize muuzaji kuhusu kuhamisha mali kati ya matawi, na umuulize kabla ya kuuliza rangi ya risiti. Sistimu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mgahawa mmoja zikaongezwa matawi baadaye zinahamisha mali kwa hatua moja, Tabata wakibonyeza "tuma" papo hapo Kariakoo inaonekana imepokea. Hapo mali iliyo njiani haina mwenyewe. Unachotaka ni hatua tatu, imetoka, iko njiani, imepokelewa, na anayepokea Kariakoo aandike alichohesabu yeye mwenyewe bila kuonyeshwa kilichotumwa. Akiandika 58 wakati zimetoka 60, sistimu ishike hizo mbili kwenye jina la safari ile na dereva yule, isizifute kimyakimya. Ukifanya hivo wiki mbili tu, bila kumfokea mtu yeyote, kuku wanaanza kufika wote.

Jiko kuu pia linahitaji kitu kingine, uzalishaji. Kuku mzima anaingia, vinatoka robo, vinatoka na shingo na maini ya supu. Sistimu iweze kuchukua kimoja ikatoa vitatu na kugawa gharama, kama haiwezi basi angalau ikubali kwamba kuuza robo moja kunatoa 0.25 ya kuku stoo. Jaribu na soda pia, unanunua kreti ya chupa 24 ila unauza chupa. Kama sistimu inakushindwa kwenye kreti ya soda haitakusaidia kwenye biriani.

Kaunta sasa. Mbinu za kaunta ni zilezile kila mji. Ya kwanza, mhudumu anatoa bili, mteja analipa keshi anaondoka, afu oda inafutwa kwamba "mteja amebadili mawazo". Ya pili, bili moja inazunguka meza tatu, manake watu wengi wanakula chipsi kuku na soda, bei ni ileile, mhudumu anabeba karatasi moja tangu saa sita mpaka saa tisa. Dawa yake ni ruhusa. Chakula kisitoke jikoni bila oda iliyotoka kwenye sistimu, jikoni wasipokee oda ya mdomo hata ya bosi, hata yako we dada. Oda ikishafika jikoni, kuifuta kuhitaji namba ya siri ya meneja na sababu, na kila asubuhi ripoti ya vilivyofutwa ikufikie kwa jina la mtu na saa. Na bili ikichapishwa mara ya pili iandikwe ni nakala. Hizi ni vitu vya kawaida kwenye moduli ya mauzo, havihitaji moduli ya ziada, ila mara nyingi aliyekufungia anaviacha wazi ili mafunzo yaishe haraka, meneja anapewa namba ya siri 1234 na jikoni nzima inaijua.

Kidogo kuhusu hiyo printa ya jikoni maana wauzaji hawasemi. Karatasi ya risiti za kawaida inaandikwa kwa joto, ukiiweka karibu na karai la mafuta inageuka nyeusi, mpishi hasomi kitu, anarudi kwenye oda za mdomo na ulinzi wako wote umekufa hapo. Jikoni weka printa ya sindano yenye utepe wa wino, ina kelele na ni ya kizamani ila inavumilia joto, na hiyo kelele yenyewe inamwamsha mpishi. Skrini ya jikoni ni nzuri kwa KFC wenye jiko la chuma na kiyoyozi, kwa jiko lako la Mbagala lenye moshi wa mishkaki mi ningesubiri.

Malipo ya simu nayo yana shimo lake. Mteja anauliza "namba yenu ya kulipia?", keshia anataja namba yake binafsi, au kuna stika ukutani ya lipa namba ambayo we hujawahi kuisajili. Au mteja anaonyesha meseji ya muamala ambayo ameiandika mwenyewe. Kama mfumo unaweza kuunganishwa na lipa namba yako ili muamala ukiingia ujibandike kwenye bili husika, lipia hiyo, ni katika vitu vichache vya ziada nnavyoona vina thamani. Kama hauwezi, basi kila tawi liwe na lipa namba yake tofauti, na usiku jumla ya simu kwenye sistimu ilingane na jumla ya taarifa ya mtandao, isipolingana keshia haondoki.

TRA, mamlaka ya mapato, hakukwepeki. Mashine za EFD zipo tangu 2010, sa hivi kuna na ile ya kwenye programu, VFD, ambapo sistimu yenyewe inatuma risiti TRA bila kale kamashine ka pembeni. Kwa matawi matano nakushauri uhakikishe moduli ya mauzo inaongea na VFD moja kwa moja, manake bila hivo keshia anaingiza bili mara mbili, kwenye sistimu na kwenye mashine, foleni ikiwa ndefu anaruka ya pili, mwisho wa mwezi ripoti ya Z, ile jumla inayotoka kwenye mashine, inasema kitu na sistimu inasema kingine na afisa akija we ndo unaeleza. Kumbuka kiwango cha kulazimika kusajili VAT kilipanda kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, na mauzo yanahesabiwa ya biashara nzima, matawi yote kwa pamoja, kwa hiyo usijidanganye kwamba kila tawi peke yake ni dogo. Na ukishasajiliwa, bei ya kwenye menyu ina VAT ndani yake, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, sahani ya 11,800 ya kwako ni 10,000 tu, hiyo 1,800 umeishika kwa niaba ya TRA. Watu wengi wanaosema "hela siioni" wanaangalia 11,800. Siku ukienda Zanzibar ni mamlaka nyingine, ZRA, na viwango vyao, hakikisha sistimu inaruhusu kodi tofauti kwa tawi.

Intaneti na umeme. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, Jumapili ile Tanzania nzima mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na siku zilizofuata haukukaa sawa haraka. Mgahawa ambao sistimu yake inaishi kwenye intaneti tupu ulirudi kwenye kikaratasi. Kwa hiyo moduli ya mauzo lazima iuze oflaini, na sio kuuza tu, oda ifike jikoni kupitia rauta ya ndani bila kutoka nje, ijumlishe, ifunge siku, mtandao ukirudi itume yenyewe. Stoo na ripoti kuu zinaweza kusubiri, kaunta haisubiri. Ongeza UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta na printa, na laini ya mtandao wa pili, basi.

Zile moduli nyingine nazipitia haraka. Mishahara, mhasibu wako anaimaliza na Excel, kwa watu hamsini sitini haina haja. Mahudhurio, ikiwa wanaingia na namba zao za siri kwenye mauzo tayari unajua nani kafika saa ngapi. Uhasibu, subiri, kwanza mauzo na stoo viwe safi, ukiingiza uchafu kwenye uhasibu unapata uchafu wenye jedwali. Delivari, chukua ikiwa tu inaweza kuchomolewa, manake hizi kampuni zinakuja na kuondoka, Jumia Food ilifunga Kenya, Uganda na kwingineko mwishoni mwa 2023, walioijenga ndani ya mfumo wao walibaki na kitufe kisichobonyezeka. Wateja na pointi za zawadi, tamu kwenye maonyesho, ila ukikusanya majina na namba za watu unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kuna kujisajili kwenye Tume na kutunza hizo taarifa, usibebe huo mzigo kabla hujajua utazitumiaje. Na ile ya kubashiri mauzo kwa akili bandia, dada, inabashiri kutokana na data yako ya nyuma, we data ya nyuma huna.

Utaniuliza jina la programu. Sitakuchagulia ila nikueleze zinavyokaa. Loyverse ni ya kuanzia, kuuza na skrini ya jikoni ni bure, unalipia stoo ya kina zaidi na usimamizi wa wafanyakazi kwa kila tawi, kwa hiyo yenyewe imekatwa vipande hivyohivyo nilivyosema, unaongeza kimoja kimoja. Udhaifu wake ni kwamba ukiwa na jiko kuu kubwa utaanza kuona mipaka yake. Odoo ni ya Wabelgiji, imeanza 2005 ikiitwa TinyERP, ina moduli za kila kitu unachoweza kufikiria zote juu ya orodha moja ya bidhaa, kuna toleo la bure la kuweka mwenyewe na la kulipia, na dirisha lake la kuuzia likishafunguka linaendelea kuuza hata mtandao ukikata. Ila Odoo ni pana mno, bila fundi mzuri wa hapa nyumbani utapotea ndani yake, gharama yake halisi ni fundi. Simphony ya Oracle, iliyotokana na MICROS waliyoinunua 2014, utaikuta kwenye mahoteli makubwa, kwako ni nzito. Toast unayoisoma kwenye intaneti ni ya huko Marekani na nchi chache nyingine, huku hawapo, achana nayo. Afu kuna za vijana wetu wa hapahapa, baadhi nzuri kabisa, zimeshaunganishwa na VFD na lipa namba, na hizo mbili pekee zinaweza kuzidi uzuri wa skrini za wageni.

Yeyote atakayekuja, usimwache aonyeshe anachotaka yeye. Mkalishe kwenye meza ya Sinza saa kumi jioni, zima WiFi, mwambie auze. Mwambie apandishe bei ya soda Morogoro peke yake. Mwambie aseme biriani imeisha Kariakoo, uone kama inapotea kwenye tableti za Kariakoo na kubaki Mbagala. Mwambie afute oda iliyofika jikoni kwa jina la mhudumu. Afu umwambie atoe mauzo yote na resipi zote kwenye Excel mbele yako, na hapa uangalie uso wake, manake wengine data inaingia tu haitoki, na siku ukitaka kuhama unaambiwa ulipie kuipata mali yako. Bei akupe ya miaka mitatu yote, kwa tawi, kwa mtumiaji, kwa moduli, mafunzo, vifaa, na fundi kuja Morogoro. Akikuandikia kwa dola mrudishie aandike kwa shilingi, kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kufunga sistimu sasa. Anza na Sinza au tawi lolote la katikati, lisiwe lenye foleni kuliko yote na lisiwe lile jipya la Morogoro ambalo hata mpishi bado anatafuta mwiko. Daftari liendelee sambamba wiki mbili, usiku mnalinganisha. Mwezi ukiisha ndo Tabata na jiko kuu, afu wengine. Anayekwambia mnawasha matawi yote tarehe moja mkumbushe KFC ya Uingereza, Februari 2018 walihamisha usambazaji kwenda kwa DHL, na kampuni ya QSL ikishika upande wa softwea, mzigo wa nchi nzima ukipitia ghala moja, ndani ya siku chache zaidi ya nusu ya matawi yao karibu 900 yalikuwa yamefungwa, mgahawa wa kuku hauna kuku. Na hata sistimu ikishakaa vizuri, mabadiliko ya bei na menyu kutoka makao makuu yafanyike usiku mmeshafunga, kwa tawi moja kwanza. McDonald's tarehe 15 Machi 2024 mifumo yao ilizimika Japani, Australia, Uingereza na kwingine, chanzo walisema ni mtoa huduma wa nje aliyekuwa anabadilisha mipangilio.

Mtu mmoja awe mwenye orodha ya bidhaa. Mmoja. Ukimruhusu kila meneja kuongeza bidhaa, miezi mitatu utakuwa na "chips kuku", "chipsi kuku", "chpsi kuku spesho" na "kuku chips", na hapo moduli hata ziwe hamsini haziongei tena.

Mdogo wako sasa. Asitengeneze mauzo wala stoo. Sio kwamba hawezi, dirisha la kuuzia hata mwanafunzi analitengeneza kwa wiki chache na litapendeza, shida ni saa mbili usiku Jumamosi printa imegoma na yeye yuko kwenye mtihani, au amepata ajira Nairobi na hamna mwingine anayejua kilichoandikwa humo. Ila mtumie, tena mlipe. Mpe kazi ya kupima resipi na kusafisha orodha ya bidhaa, awe yeye ndo huyo mtu mmoja kwa sasa, awepo kwenye maonyesho ya wauzaji aulize maswali ya API, yani njia ya programu moja kuongea na nyingine, na mfumo ukishakaa akutengenezee ripoti moja ndogo inayokuja kwenye simu yako kila siku saa moja asubuhi: tawi, mauzo, robo za kuku zilizopotea, oda zilizofutwa na jina la aliyefuta.